Mfumaji na Fundi Bomba

Vijana wapendwa, mara nyingi mnatuuliza: mashine zinazoandika na kuhesabu zitatuachia kazi gani? Swali hili si jipya. Tutazame Uingereza ya karne ya 19, ambako nguvu ya mvuke iliwatendea mafundi wawili mambo tofauti.

Wa kwanza ni mfumaji wa nguo za pamba. Mwaka 1785 Edmund Cartwright alisajili mtambo wake wa kufumia. Kufuma ni kurudia mwendo uleule mahali palepale; kwa hiyo mashine iliweza kuuiga. Mitambo ilipozidi kuboreshwa, ujira wa mfumaji wa mkono ulishuka. Katika miaka ya 1820 wafumaji hao walizidi laki mbili. Kufikia 1850 ilibaki sehemu ndogo tu.

Wa pili ni fundi bomba. Mwaka 1858 mto Thames ulinuka uchafu hata wabunge wa London wakashindwa kuvumilia. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa chini ya ardhi, na katika kituo cha Crossness, kilichofunguliwa mwaka 1865, injini 4 za mvuke ziliinua maji machafu. Lakini injini hizo hazikuweza kuingia nyumba kwa nyumba, kupitisha bomba ukutani na kutafuta mahali panapovuja. Kadiri maji yalivyoenea mjini, ndivyo fundi alivyohitajika.

Hata leo kazi hiyo ina thamani. Huko Marekani, mwezi wa Mei 2024, nusu ya mafundi bomba walipata zaidi ya dola 62,970 kwa mwaka. Kwa kazi zote pamoja, kiwango hicho cha katikati kilikuwa dola 49,500.

Hata hivyo, tusijidanganye. Fundi wa London hakulishwa na ustadi wake peke yake. Mji ulikuwa umeleta maji. Hapa kwetu Congo, ambako nyumba nyingi bado hazina bomba, fundi hodari aweza kushinda bila kazi. Nasi walimu tumekosa, tulipowafundisha kuona kalamu kuwa heshima na koleo kuwa adhabu.

Basi, anayechagua ufundi aujue kwa undani, na sote tudai maji yafike mitaani. Katika kikundi chenu mjadiliane: ni kazi zipi mtaani kwetu zinazomlazimu mtu kufika mwenyewe, na ni nini kinachozuia zisilipwe ipasavyo?