Kitanzi cha Kamiti kilimlenga nani?

Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau waliopinga ukoloni wa Waingereza nchini Kenya, hakunyongwa kwa kuua. Mahakama iliyoketi Nyeri mwishoni mwa 1956, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, ilimtia hatiani kwa kupatikana na bastola na risasi, na hayo yalitosha. Februari 18, 1957 alinyongwa katika gereza la Kamiti, akazikwa humo humo bila alama yoyote ya kaburi.

Kwa enzi hiyo, kesi yake haikuwa ya ajabu. Tangu Gavana Evelyn Baring atangaze hali ya hatari mnamo Oktoba 1952, makosa ya kumpeleka mtu kitanzini yaliongezwa moja baada ya jingine: kulisha wengine kiapo cha Mau Mau, kuwa na silaha, hata kufuatana na wapiganaji wa msituni. Mwanahistoria David Anderson, aliyepekua majalada ya kesi hizo, alihesabu watu 1,090 walionyongwa kwa makosa ya Mau Mau. Waliohukumiwa kwa mauaji hawakufika hata theluthi moja. Wengine walinyongwa mbele ya umati, kwa mitambo iliyosafirishwa hadi vijijini, ilhali Uingereza kwao ilikuwa imeacha kunyonga hadharani tangu 1868.

Mtetezi wa adhabu ya kifo hukuambia kwamba aliyetoa roho ya mtu alipe kwa roho yake. Ni hoja nzito, na aliyezika mtoto wake hawezi kulaumiwa kwa kuishika. Lakini sio hoja iliyokijenga kitanzi cha Kenya. Kilijengwa na serikali iliyoingiwa hofu, ikataka wanaotazama nao waogope.

Wakoloni waliondoka, kitanzi kikabaki. Katika miaka ya 1970, ujambazi ulipowatia watu wa mijini wasiwasi, Bunge liliweka hukumu ya kifo ya lazima kwa wizi wa mabavu. Soma kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu: mwizi akiwa na silaha hatari, au akiwa na mwenzake hata mmoja, au akimpiga anayemwibia, basi ni kifo. Vijana wawili mikono mitupu wakimkaba mtu na kumvua saa, wameingia humo. Tena kesi hizo zilisikilizwa na mahakimu wa chini, sio Mahakama Kuu. Mshtakiwa wa mauaji asiye na kitu alipewa wakili na serikali, wa wizi wa mabavu akajitetea mwenyewe kadiri alivyoweza.

Walionyongwa mwisho walikuwa wanajeshi, Hezekiah Ochuka na Pancras Okumu, Julai 1987, kwa uhaini wa jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Baada yao kitanzi kilinyamaza bila sheria kubadilika hata neno. Hukumu ziliendelea kusomwa na vyumba vya waliohukumiwa kifo vikafurika, mpaka Agosti 2009 Rais Mwai Kibaki alipowabadilishia hukumu wafungwa zaidi ya 4,000, wakawa wa maisha. Aliagiza pia ichunguzwe kama adhabu ya kifo inapunguza uhalifu. Laiti agizo hilo lingetangulia kifungu cha 296! Uhuru Kenyatta alifanya vivyo hivyo mwaka 2016 kwa wafungwa 2,747. Katika miaka saba tu, foleni ilikuwa imejaa tena.

Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa mshtakiwa hasikilizwi kuhusu adhabu yake. Waliofungwa kwa wizi wa mabavu walikimbilia mahakamani wakiwa na matumaini. Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ikafafanua: uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake. Aliyeua akapata nafasi ya kumweleza jaji umri wake, majuto yake na yaliyomfikisha pale. Aliyepora saa akaambiwa afungue kesi yake, ianzie Mahakama Kuu.