Yanga, Matembele na Keki ya Makaa

Nyumbani kwetu kuna sufuria moja ambayo hairuhusiwi kutupwa. Imepoteza sikio moja, na mfuniko wake umebonyea katikati kwa kubebeshwa makaa ya moto miaka nenda rudi. Mama ameokea keki humo tangu mimi sijaanza shule. Leo ana jiko la gesi lenye oveni, zawadi ya wanawe, ila hiyo oveni anawekea sahani.

Juzi nilimwambia nataka kuandika kuhusu ile miaka ya foleni, yaani mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, jinsi tulivyoishi kwa kidogo na bado nyumba ikawa na furaha. Nilishakuwa na makala nzima kichwani: bustani ya uani, harufu ya keki, watoto wamekaa mkekani. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Andika, mwanangu. Ila usituandike kama watu tuliokuwa tunapenda shida."

Basi ikabidi nianze upya.

Kwa msomaji ambaye hakuwepo, hebu nieleze kwanza tulikuwa wapi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na vita ile ikaendelea mpaka Kampala ilipoanguka Aprili 1979. Mwaka huohuo bei ya mafuta duniani ikapanda tena. Nchi ilitoka vitani hazina ikiwa tupu. Mwalimu Nyerere akawaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Watu wakahesabu. Miezi 18 ikapita, mikanda ikabaki palepale, na ikabidi kuongezwa tundu jingine.

Vitu vilivyoadimika vilikuwa vya kawaida kabisa: sukari, sabuni, mafuta ya kula, unga wa ngano, khanga. Mgawo ulipita kwa mashirika ya umma kama RTC za mikoa na Shirika la Usagishaji, NMC, kisha kwenye maduka ya kijiji na ya kaya. Ukisikia gari limeshusha mzigo unakimbia. Ukichoka kusimama unaweka jiwe lako kwenye mstari, na jiwe linakushikia nafasi. Kulikuwa na foleni za mawe matupu na kila mtu akijua lipi la nani. Mvua nazo zilipokuwa haba, yakaja mahindi ya njano ya msaada kutoka Marekani. Kwa kuwa njano ni rangi ya Yanga, unga ule ukaitwa Yanga, na washabiki wa Simba wakaula hivyohivyo.

Historia za kipindi hiki zimeandikwa nyingi, na nyingi zinakaa ofisini: sera, mikopo, mvutano na Shirika la Fedha la Kimataifa, bajeti ya 1984 iliyoanza kulegeza biashara, Rais Mwinyi na "ruksa" yake baada ya 1985. Aliyeshuka mpaka uani ni Aili Mari Tripp, ambaye kitabu chake cha 1997 kuhusu uchumi usio rasmi wa Dar es Salaam kinaonyesha jinsi kaya za mjini zilivyoishi wakati mshahara ulipoacha kuwa mshahara. Jibu lake lilikuwa neno ambalo sisi watoto wa wakati ule tulilijua kabla ya kujua kusoma: mradi. Mama ana mradi wa maandazi. Mama Fulani ana mradi wa kuku. Mshahara wa baba uliisha katikati ya mwezi, na nusu iliyobaki ilibebwa na wanawake.

Wetu ulikuwa mradi wa keki na matembele. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, baba karani, na tuliishi Magomeni katika nyumba yenye ua wa hatua kama kumi kwa nane. Nianze na ua.

Matembele alianza nayo kwa sababu hayataki mbegu ya kununua. Unaomba marando kwa jirani, unayachomeka kwenye tuta, na wiki chache baadaye unachuma mboga. Mchicha aliuacha mmoja kila tuta ukue mpaka utoe mbegu, akazikausha na kuzifunga kwenye kitambaa. Palikuwa na bamia, pilipili mbuzi, na mpapai mmoja. Mpapai ule ulifanya kazi kuliko sisi sote, maana matunda tulikula na majani tulifulia nguo sabuni ilipokosekana. Yanatoa povu kidogo, na yanaacha harufu ya kijani ambayo mpaka leo nikiikuta mahali naona sare zangu za shule. Majivu ya jikoni yalinyunyizwa kwenye majani kufukuza wadudu. Maji ya kuoshea vyombo yalimwagiwa mboga, na hayakuzidhuru kwa kuwa hayakuwa na sabuni. Mama akisimulia hapo hucheka mwenyewe.

Haya hakuyabuni yeye. Baada ya ukame wa katikati ya miaka ya 1970 serikali ilikuwa imetangaza Kilimo cha Kufa na Kupona, na kabla yake na baada yake Radio Tanzania ilibeba kampeni kubwa za elimu ya watu wazima: Mtu ni Afya mwaka 1973, Chakula ni Uhai mwaka 1975. Watu walikaa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadili. Mama alikuwa kiongozi wa kikundi kimoja, na baadhi ya mambo ya bustani anasema aliyapata huko. Mengine aliyatoa kwa bibi yake wa Tanga, ambaye hakuwahi kumiliki redio.

Keki nayo ina ukoo wake. Mama alijifunza kwenye somo la sayansikimu, wakati wasichana wa shule za kati walipofundishwa kushona, kufua na kuoka ili, kama wakoloni walivyoliona jambo, wawe wake wazuri wa makarani. Vipimo vilikuwa vya kigeni na jiko lilikuwa la oveni, ambayo hakuna mmoja wao aliyekuwa nayo kwao. Lakini pwani ilikuwa inaoka zamani bila oveni. Mkate wa kumimina na mkate wa mchele huivishwa kwa kupalia: moto chini, moto juu. Basi wanawake wa kizazi cha mama walichukua keki ya darasani wakaiingiza kwenye ufundi wa bibi zao. Vikombe vya mwalimu vikarudishwa kwenye kibaba, kile ambacho vinne vyake hufanya pishi, na ambacho methali inasema kinajazwa na haba na haba.

Namna yenyewe ni hii. Sufuria kubwa inatandikwa mchanga mkavu chini. Ndani yake inakaa sufuria ndogo yenye mchanganyiko. Moto wa chini uwe haba, wa juu ya mfuniko uwe mwingi, maana keki inaungua kwa kupikwa na chini. Hufunui ovyo. Unasubiri harufu, na harufu ikija unachoma katikati kwa njiti ya chelewa. Ikitoka kavu, epua. Sukari ikikosekana ziliingia ndizi zilizoiva mpaka ganda likawa jeusi. Ngano ikipungua iliongezwa unga wa mchele. Siagi ilikuwa hadithi, tukatumia samli au mafuta ya nazi. Mayai yalitoka kwa kuku wetu watatu. Za kuuza zilikatwa vipande na kupelekwa kwenye duka la jirani, sisi tukapewa ukoko uliogandia kwenye sufuria. Tuliupigania.

Hapa ndipo makala yangu ya kwanza ingeishia, na ingependeza. Ila nilimuuliza mama swali ambalo sikuwahi kumuuliza: ngano ilitoka wapi?

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kwa mlango wa nyuma. Ulidhani wapi?"

Mgawo wa ngano ulikuwa kilo chache, tena mara chache. Keki za kila wiki zilihitaji zaidi. Kulikuwa na mtu aliyepata mfuko kutoka kwa mtu, na mama alilipa bei ya ulanguzi. Yule mwalimu aliyewaongoza wenzake kwenye kikundi cha redio, aliyetufundisha kwamba mali ya umma ni ya wote, alikuwa anakanda magendo. Alijua, na baba alijua, na hawakulizungumza.

Halafu ukaja mwaka 1983. Waziri Mkuu Sokoine alianzisha msako wa wahujumu uchumi, na sheria maalumu ikapitishwa. Wenye maghala walitetemeka, lakini hofu haikuishia kwao. Watu walitupa bidhaa usiku, wengine baharini, wengine kwenye mashimo. Aliyekuwa na mifuko 100 na aliyekuwa na nusu mfuko walilala na ndoto moja. Mama alikuwa na nusu mfuko wa ngano chini ya kitanda. Usiku mmoja yeye na baba walichimba katikati ya tuta la matembele wakaufukia. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na nakumbuka tu kwamba asubuhi tuta lilikuwa limepandwa upya na hakuna aliyetaka kusema kwa nini.

"Nililia," mama aliniambia. "Niliogopa kukamatwa, kweli. Lakini kilichoniliza ni kuona chakula kinaingia ardhini wakati nyie mnakula Yanga."

Sasa msomaji atasema: kama ni hivyo, kuridhika kuko wapi? Na mimi nilijiuliza hivyohivyo. Tena niseme ukweli, sikuwa nauliza kwa ajili ya historia tu. Mwaka jana kazi yangu ya mshahara iliisha. Nina viroba sita vya mchicha kwenye varanda ya nyumba ya kupanga, na kila siku kwenye simu naona vijana wakionyesha bustani zao na mikate yao ya nyumbani, wakisema maisha rahisi ndiyo maisha. Nilitaka mama anihakikishie kwamba inawezekana.

Fasihi yetu inaye mtu aliyewahi kulijibu swali hili. Utubora, katika riwaya ya Shaaban Robert, Utubora Mkulima, iliyotoka 1968 miaka sita baada ya kifo cha mwandishi, anaacha kazi nzuri ya mjini kwa hiari yake na kwenda kulima. Anaridhika, na tunamwamini. Lakini nilipoisoma tena safari hii niliona jambo ambalo shuleni lilinipita: Utubora alichagua. Mlango wa kurudi haukuwa umefungwa nyuma yake. Mama hakuchagua. Foleni ilimkuta. Kuziweka bustani hizi mbili kwenye kapu moja na kuziita zote "maisha rahisi" ni kumdhulumu mmoja wao.

Na dhuluma hiyo ina faida kwa wengine. Mwanamke akisifiwa kwa kujua kubana matumizi, anayepaswa kuulizwa kwa nini hakuna sukari anapumua. Mradi wa mama uliibeba nyumba, na kwa kiasi fulani uliibeba nchi, maana mamilioni ya sufuria kama ile ndizo zilizofanya mishahara ile iwezekane kulipwa bila watu kufa njaa. Hata viongozi, ambao Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha, wengi wao wake zao walikuwa na kuku uani. Masharti yale yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, baada ya kuku kuwa wameshayalegeza.

Hata hivyo nilipomrudia mama nikamwambia, basi nitaandika kwamba yalikuwa mateso matupu, alinikatalia na hilo pia.

"Mbona unapenda kurukia?" akasema. "Unaikumbuka rehani?"

Naikumbuka. Kwenye kona ya ua, mahali penye maji na jua, mahali ambapo tuta jingine la mchicha lingekaa vizuri, palikuwa na mrehani na asumini mbili. Haviliwi. Baba alishawahi kulalamika kwamba pale pangetoa mboga ya siku mbili kwa wiki. Mama alikataa kuving'oa. Jioni, akimaliza kusahihisha madaftari na makaa yakiwa yamewekwa juu ya mfuniko, alikuwa anakaa karibu na kona ile na kutofanya chochote mpaka keki inukie.

"Ile nusu saa ilikuwa yangu," alisema. "Serikali haikunipa, na shida haikunipa. Nilijitengea mwenyewe. Nikikaa pale nilikuwa nimeridhika kweli, na nikiinuka hasira yangu na foleni ilikuwa palepale."

Nimelizungusha jibu hilo wiki nzima. Nilikuwa nimedhani mtu huridhika au hulalamika, achague. Mama alifanya yote mawili katika ua mmoja, na anadai haki ya kukumbukwa kwa yote mawili. Ndivyo nitakavyomwandika: mwanamke aliyejua kuoka bila siagi, aliyenunua magendo, aliyefukia unga usiku, na aliyenyima mchicha nafasi kwa ajili ya asumini.

Nilipokuwa natoka nilimwomba marando ya matembele na, kwa kuwa nimeshaanza kuoka, ile sufuria.

"Marando chukua, na kikonyo cha asumini nitakukatia," akasema. "Sufuria bado naitumia."