Mlinzi wa Taa ya Michigan City

Leo nawaomba tusafiri kwa fikira mpaka Marekani, katika jimbo la Indiana, kwenye mji wa Michigan City. Mji huo uko ukingoni mwa Ziwa Michigan, ambalo kwa ukubwa limepitwa na Victoria letu. Karibu na bandari pana nyumba yenye kijumba cha vioo juu ya paa. Huo ndio mnara wa taa uliojengwa mwaka 1858 kuongoza meli usiku.

Mwaka 1861 kazi ya kuitunza taa hiyo alipewa Harriet Colfax, bibi mwenye umbo dogo aliyepata kufundisha muziki. Binamu yake, Schuyler Colfax, alikuwa mbunge, baadaye akawa Makamu wa Rais, naye ndiye aliyemsaidia kuipata. Watu wakanung'unika: mwanamke, tena mdogo hivyo, ataweza nini? Tena kapata kwa undugu! Juu ya undugu hawakukosea. Lakini undugu hauwashi taa usiku wa tufani.

Kuanzia miaka ya 1870 aliongezewa taa nyingine, nayo ilikuwa mbali, kwenye ncha ya gati la mbao lililoingia ziwani. Aliiendea kwa miguu juu ya njia nyembamba, mawimbi yakimrukia. Mafuta yake yalikuwa ya nguruwe, ambayo huganda kwa baridi. Basi majira ya theluji aliyapasha moto jikoni, akatoka upesi, ndoo mkono huu na fanusi mkono huu. Mara nyingine yaliganda kabla hajafika. Sisi tuliosoma habari za wanawali kumi twajua taa kukosa mafuta. Huyu mafuta alikuwa nayo, ila yamekuwa magumu! Hapakuwa na dawa ila kurudi nyumbani, kuyayeyusha, na kushika njia ile ile tena. Na huko gizani walikuwako mabaharia wasiomjua hata jina, wakiitafuta nuru yake.

Alidumu katika kazi hiyo miaka 43. Aliiacha Oktoba 1904, akiwa na umri wa miaka 80, akafariki mwaka uliofuata.

Tangu mwaka 1973 nyumba ile ni jumba la makumbusho. Mgeni akiingia huonyeshwa kioo cha taa, cha aina iliyobuniwa na Mfaransa Augustin Fresnel, kilichokusanya mwanga mdogo wa utambi na kuupeleka mbali ziwani.