Watu wa Bangi: Habari za Kalamba Mukenge na Nchi ya Lubuku

Walimu wa vijijini huuliza kwa nini bangi imeenea sana mahali pamoja, na mahali pengine, mwendo wa siku mbili tu, haivutwi ila na wachache. Jawabu la haraka ni kwamba watu wa huku ni wabaya na wa kule ni wema. Jawabu hilo hatulikubali, nasi twapenda kulipima kwa habari za nchi moja, nchi ya Waluluwa katika Kasai, huko Kongo.

Kwanza tutazame majina. Neno letu bangi limetoka India, likaletwa pwani pamoja na biashara ya bahari. Washona husema mbanje, watu wa Malawi chamba, na watu wa Kongo na Angola diamba au riamba. Majina haya yatuonyesha ya kuwa mmea huu ulisafiri kwa njia za wafanya biashara na wachukuzi, wala haukuota wenyewe katika kila nchi. Tena, wasafiri wa zamani wameona kwamba si watu wote walioupokea sawasawa. Livingstone, aliyekaa kwa Wamakololo katika miaka ya 1850, aliandika kwamba mfalme Sekeletu na vijana wake waliivuta, wala hawakuweza kumtaja mzee hata mmoja aliyeizoea. Mmea ni ule ule na mji ni ule ule. Lililowatenga watu ni umri.

Neno hili la vijana na wazee ndilo lililozaa mambo makubwa Kasai. Karibu na mwaka wa 1870 Wachokwe walikuwa wakifika huko kutafuta pembe na mpira, na pamoja nao zikaingia bunduki na nguo. Wazee wengi hawakutaka wageni, vijana waliwataka. Hao vijana wakajifanya chama, wakajiita Bena Riamba. Mswahili hahitaji mkalimani mrefu hapa: Bena ni “watu wa”, na riamba ni bangi. Nchi yao wakaiita Lubuku, maana yake urafiki. Mkuu wao alikuwa Kalamba Mukenge, na dada yake, Sangula Meta, alikuwa na sauti kubwa katika mambo ya chama.

Wajerumani wawili, Paul Pogge na Hermann Wissmann, walifika kwake mwaka wa 1881. Pogge baadaye alirudi akakaa kwa Mukenge, lakini Wissmann aliendelea mashariki kwa njia ya Nyangwe, akatokea pwani yetu, Saadani, mwaka wa 1882. Wameeleza jinsi wanaume walivyokusanyika usiku kuzunguka kiko kikubwa cha kibuyu, wakavuta kwa zamu, wakakohoa pamoja. Silaha hazikuruhusiwa kuchukuliwa kijijini. Sanamu za uganga zilichomwa moto. Aliyefanya kosa alivutishwa bangi mpaka akazimia, na hiyo ndiyo adhabu yake. Wakikutana, husalimiana “Moyo!”, nalo kwa lugha yao lina maana ya uzima. Salamu hiyo yasikika Kasai hata leo.

Msomaji ataona jambo la ajabu. Sisi tumezoea kuiona bangi kama kitu cha kujificha, cha mtu aliyetoroka kazi au aliyeachwa na jamaa zake. Huko Lubuku mvutaji ndiye aliyekuwa raia mwema, na asiyevuta alikuwa mtu wa kushukiwa. Kiko kilichukua mahali pa kiapo. Basi ukitaka kujua kwa nini nchi ile ilivuta kuliko jirani zake, hupati jawabu katika majani, wala katika damu ya watu. Lapatikana katika biashara mpya, katika ugomvi wa vijana na wazee wao, na katika haja ya kuwaunganisha watu wa vijiji vilivyokuwa vikipigana.

Lakini tusiitie sukari habari hii. Waliotuandikia walikuwa rafiki za Kalamba, nao walimhitaji awape njia na wachukuzi. Urafiki wa Lubuku haukuwafikia wote. Vijiji vilivyokataa riamba vilidaiwa kodi, na Wissmann aliporudi akajenga Luluaburg mwaka wa 1884, bunduki za wageni zilimsaidia Kalamba kuwashurutisha waliokataa. Wale wazee waliopinga tangu mwanzo, wakafukuzwa ama wakauawa, hawakuacha kitabu. Twalisikia neno lao kwa vinywa vya adui zao tu, na sisi tunaokusanya desturi za watu twapaswa kuona haya kidogo kwa hayo.

Mwaka wa 1885 ikasimamishwa Dola Huru ya Kongo, na mwaka wa 1891 wakafika wamisioni, Wapresbiteri wa Marekani huko Luebo na Mapadre wa Scheut karibu na Luluaburg. Kalamba akagombana na serikali ile ile aliyoisaidia kuingia. Nguvu za chama zikavunjika, na kiko hakikuwa tena alama ya uraia. Bangi yenyewe haikwisha. Ilibaki bila baraza wala zamu, ikavutwa na mtu peke yake au na wenzi wawili watatu nje ya kijiji, kama walimu wetu waionavyo.