Jambia la Babu na Madai ya Nasaba

Tunaandika juu ya jambia kuukuu tuliloletewa Muleba baada ya sala ya Ijumaa. Wenye nalo walidai kuwa babu yao alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa Kiomani, hivyo wana fungu katika kiwanja cha jamaa mmoja wa Bukoba. Wale wa Bukoba walikana, wakasema jambia lenyewe ni la Hadhramaut.

Tulianza na ala. Ala ya Oman hupinda kama kiwiko, na hushikwa na mshipi kwa pete za fedha. Za kawaida ni nne, na aina iitwayo Saidia, inayonasibishwa na watawala wa Al-Busaidi, huwa na saba. Ala za Hadhramaut aghalabu hupinda zaidi, hata ncha ikaelekea juu. Hii ilikuwa na kiwiko na pete nne. Ni ya Kiomani, bila ya shaka kubwa. (Mzee mmoja aliuliza kama fedha ile ni haramu kwa mwanamume. Katika madhehebu ya Shafi'i, silaha kupambwa kwa fedha inajuzu, dhahabu haijuzu.)

Lakini ala ni kazi ya sonara, ubapa ni kazi ya mhunzi. Tena ndugu msomaji asidanganywe na mpindo wa ala: ubapa haufiki mpaka nchani. Ubapa wa Oman, na wa Yemen pia, hupinda kidogo, una makali pande mbili na uti ulioinuka katikati. Tulipouchomoa huu, ulikuwa mnyoofu, hauna uti, na ulicheza ndani ya ala. Ulibadilishwa, na huenda ulifuliwa huku huku. Buhaya haikukosa wahunzi. Katuruka, karibu na Bukoba, chuma kiliyeyushwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Na ala ilifikaje? Wafanyabiashara wa Kiarabu walikuwa na kituo Kafuro, Karagwe, ambako Stanley alimkuta Hamed bin Ibrahim mwaka 1876. Vitu vyao viliuzwa, vilitunukiwa, viliwekwa rehani.

Nasaba huthibiti kwa kukiri, kwa mashahidi, au kwa habari iliyoenea. Jambia ni karina tu, na hili lilikuwa nusu karina. Tuliwauliza kama yupo anayejua ndoa ya bibi yao ilifungwa wapi na nani alishuhudia. Wakamtaja bikizee wa Kamachumu. Juma lililofuata pande zote mbili zilikwenda kwake, na jambia likabaki nyumbani.