Kadibodi Ilivyoingia Ukutani

Novemba 12, 1999, tetemeko la ardhi liliubomoa mji mdogo wa Kaynaşlı, kaskazini-magharibi mwa Uturuki, baridi kali ikiwa mlangoni. Mwaka uliofuata zikajengwa pale nyumba za dharura zenye kuta za mabomba ya kadibodi yaliyosimamishwa wima, moja ubavuni mwa jingine. Ndani ya mabomba hayo walishindilia karatasi taka zilizochanwachanwa. Darini wakatandaza faibaglasi, na penye haja ya joto zaidi wakaongeza kadibodi na nailoni.

Haukuwa ujenzi wa kubahatisha. Hewa ikishanaswa mahali finyu hupitisha joto shingo upande, na kadibodi imejaa vijumba vya hewa. Hata kadibodi ya mawimbi, ilipopewa hataza Uingereza mwaka 1856, haikukusudiwa kufungia mizigo: ilikuwa bitana ya kofia ndefu za mabwana. Mmarekani Albert Jones alikuja kuitumia kukinga vitu vya kioo mwaka 1871. Maskini nao hawakungoja mhandisi awafundishe. Picha zilizopigwa kusini mwa Marekani miaka ya 1930, kwa kazi ya serikali, zinaonyesha vibanda vya mbao ambavyo kuta zake zimebandikwa magazeti na vipande vya maboksi ili upepo usipenye.

Aliyeitoa kadibodi kwenye aibu ya umaskini, na aliyesanifu zile nyumba za Kaynaşlı, ni msanifu wa Japani, Shigeru Ban. Mwaka 1986 alikuwa akiandaa maonyesho ya kazi za msanifu wa Ufini, Alvar Aalto, mjini Tokyo, akaona mbao zitamgharimu mno, akageukia mabomba ya karatasi. Yalikuwa imara kuliko alivyodhani.

Mwaka 1994 aliona picha za wakimbizi wa Rwanda wakitetemeka chini ya mablanketi, akafunga safari hadi Geneva, makao makuu ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Kwenye kambi za wakimbizi hao kulikuwa na tatizo jingine. Wakimbizi walipewa maturubai na nguzo za alumini. Nguzo wakaziuza, kisha wakaingia msituni kukata miti. Nani angewalaumu? Alumini ilikuwa fedha. Bomba la karatasi halikuwa na mnunuzi, na hapo ndipo ubora wake ulipokuwa. Baada ya majaribio, yakiwemo ya kupima iwapo mchwa wangekula mabomba hayo, vibanda 50 vilijengwa Byumba, kwenye milima ya kaskazini mwa Rwanda, mwishoni mwa miaka ya 1990.

Katikati ya hayo, Januari 17, 1995, Kobe ilitikiswa na watu zaidi ya 6,000 wakafa. Ban aliwajengea baadhi ya walionusurika, wakiwemo wakimbizi wa Kivietinamu, nyumba ambazo msingi wake ulikuwa makreti ya bia yaliyojazwa mifuko ya mchanga. Kila bomba la ukuta lilikuwa na kipenyo cha milimita 106 na unene wa milimita 4, na katikati ya bomba na bomba ukapita utepe wa sponji wenye gundi, maana baridi haihitaji mlango, ufa unaitosha. Paa na dari vilikuwa vya turubai: wakati wa joto viliachanishwa hewa ipite, wakati wa baridi nafasi ile ikafungwa.

Sifa hizo zisimpumbaze mtu. Kadibodi ikilowa hulegea, na isipotibiwa hushika moto upesi. Ndiyo maana mabomba ya ujenzi hupakwa dawa ya kuzuia maji.

Kule Bhuj, India, ambako Ban alijenga baada ya tetemeko la Januari 2001, mahitaji yalipinduka: adui alikuwa joto. Makreti ya bia hayakupatikana, jambo lisiloshangaza katika jimbo la Gujarat ambako pombe imepigwa marufuku, kwa hiyo msingi ukawa kifusi cha majengo yaliyoanguka, na sakafu ikakandikwa udongo. Kuta zilibaki zile zile za karatasi. Paa likaezekwa kwa mikeka juu ya fito za mianzi, na pembeni mwake yakaachwa matundu madogo, ili watu wapikie ndani na moshi, kabla haujatoka, uwafukuze mbu.