Likizo ya Uzazi Yenye Malipo: Mwajiri wa Mbuba Ajiandae Vipi?



Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume Muhammad, jamaa zake na Swahaba zake. Ama baada ya hayo:

Wapo ndugu zetu Mbuba, wilayani Ngara, wenye maduka, shule na zahanati, wanaodhani kumlipa mama aliyejifungua akiwa nyumbani ni sadaka. Tunasema: si sadaka, ni haki yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeiweka, nasi tumeamrishwa kutimiza mikataba (Suratul-Maida, aya ya 1).

Haki zenyewe

1. Mama hupata siku 84 za likizo yenye malipo, au siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja, hupata siku 84 nyingine. Mwajiri analazimika kutoa likizo hii mara 4 kwa mwajiriwa mmoja.

2. Mtoto njiti: marekebisho ya mwaka 2025 yameongeza kipindi kilichobaki kufikia wiki 36 za ujauzito. Aliyejifungua katika wiki ya 30 huongezewa wiki 6, yaani siku 42, juu ya zile 84.

3. Baba hupata siku 3 zenye malipo, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Anayetaka siku ya akika iwemo azipange mapema.

4. Mama akirudi kazini huruhusiwa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha.

Haki hizi za likizo ni za mwajiriwa aliyetimiza miezi 6 kazini.

Maandalizi

Mwajiriwa hutoa taarifa angalau miezi 3 kabla, pamoja na cheti cha daktari. Ipokee kwa maandishi, kisha tafuta wa kushika nafasi yake kwa mkataba wa muda.

Fedha ndiyo mtihani wa wenye mtaji mdogo. Mwalimu wa mshahara wa shilingi 300,000 kwa mwezi, siku 84 ni takriban shilingi 840,000. Ukitenga shilingi 70,000 kila mwezi, kwa mwaka mmoja zimetimia. Likizo italipwa na akiba hiyo, na aliyeshika nafasi atalipwa kwa fungu la mshahara la kawaida.

Andaa pia chumba chenye stara cha kunyonyeshea.

Hukumu

Je, inafaa kumwachisha kazi mwanamke kwa sababu ya ujauzito, au kumshinikiza asamehe malipo yake? Haifai. Kisheria, kumwachisha kwa sababu hiyo si halali, naye anaweza kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Kidini ni dhulma. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) ametuhimiza kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, na msamaha unaotolewa kwa kuhofia kufukuzwa si msamaha wa ridhaa. Aliyekwisha kuzuia malipo hayo atubie, na ayarejeshe kwa mwenyewe.

Tuanzie kwenye taasisi zetu wenyewe: kamati za misikiti na shule za Kiislamu zikague mikataba yao leo, kabla dada yeyote hajalazimika kuomba alichostahiki.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.